Umbali na Muda wa Kuruka Kati ya Miji Miwili ya Mbali: Mwongozo Kamili wa Kujihesabia

Mtu ana tiketi ya London kwenda Tokyo mwezi Januari. Kuondoka Jumatatu 11:30, kufika Jumanne 10:20. Anatoa, anapata masaa 22 na dakika 50. Kisha anatazama tiketi ya kurudi: kuondoka Jumatano 09:45, kufika Jumatano hiyohiyo 15:05. Masaa 5 na dakika 20. Sasa anauliza: kwani ya kurudi ni roketi?

Swali hilo nimelijibu mara nyingi, kila mara na miji mingine, na kosa huwa lilelile. Watu huvuruga vitu vitatu katika chungu kimoja: umbali juu ya uso wa dunia, muda ambao ndege hutumia, na saa inayosomeka ukutani katika kila mji. Kila kimoja kina hesabu yake. Ukivifuata kwa zamu, hesabu yote haizidi nusu saa, na ukishaizoea ni dakika tano.

Jambo dogo kabla hatujaanza. Katika mwongozo huu nitaandika "masaa" kila ninapomaanisha urefu wa muda, na "saa" ninapomaanisha wakati unaosomeka kwenye saa. Walimu wa Kiswahili watanisamehe. Ukiandika "saa nane" kwenye hesabu ya safari, dakika tano baadaye wewe mwenyewe hujui kama ni muda wa kuruka au ni wakati wa kufika.

## Vya kuandaa

- Jina la kiwanja cha ndege cha kila upande, pamoja na msimbo wake wa herufi tatu ulio kwenye tiketi.
- Latitudo na longitudo ya kila kiwanja, zikiwa katika desimali (mfano 51.47), si kwa nyuzi, dakika na sekunde.
- Kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Kile cha simu huvionyesha ukiilaza simu ubavu.
- Tofauti ya kila mji na UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa tarehe ya safari yenyewe.
- Karatasi na kalamu. Usifanye kichwani.
- Tufe na uzi, kama unavyo. Si lazima, lakini uzi utakufundisha kwa dakika moja jambo ambalo maneno yangu yatalizungukazunguka.

## Hatua ya 1: Hakikisha kiwanja, si mji

London ina viwanja kadhaa: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City. Tokyo ina Haneda, ulio ndani ya jiji, na Narita, ulio karibu kilomita 60 kutoka katikati ya jiji. Kwa umbali wa maelfu ya kilomita, kubadilisha kiwanja hakuharibu hesabu. Kunakoharibu ni mji wenye jina pacha.

Kuna London nyingine Kanada, msimbo wake YXU. Kuna San José ya Kosta Rika (SJO) na San Jose ya California (SJC). Kuna Sydney ya Australia (SYD) na Sydney ya Nova Scotia huko Kanada (YQY), na wapo wasafiri waliojikuta kwenye baridi ya hiyo ya pili wakitarajia ufuo wa ile ya kwanza. Herufi tatu ndizo zenye kauli ya mwisho.

Umefaulu ikiwa: una misimbo miwili, na umeilinganisha na nchi zilizoandikwa kwenye tiketi.

Mfano wetu kuanzia hapa ni Heathrow (LHR) na Haneda (HND).

## Hatua ya 2: Pata umbali wa kweli

Hapa ndipo wengi huanguka kwa mara ya kwanza, na kinachowaangusha ni ramani ya ukutani. Ramani bapa imeutandaza mpira ukawa karatasi, kwa hiyo sehemu za karibu na ncha za dunia zimevutwa zikawa pana kuliko zilivyo. Mstari ulionyooka kwenye karatasi hiyo sio njia fupi. Njia fupi ni ile inayofuata duara kuu, yaani duara ambalo lingeikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa.

### Kwa uzi na tufe

Kaza uzi kati ya London na Tokyo bila kuulazimisha upite popote. Utashangaa. Uzi hautaelekea mashariki kupitia Asia ya Kati. Utapanda kaskazini, upite Skandinavia, uguse Aktiki kwenye latitudo ya 71 hivi, kisha ushuke Siberia hadi Japani.

Pima urefu wa uzi huo. Kisha zungusha uzi mwingine kwenye ikweta ya tufe na uupime pia. Mzingo wa dunia ni karibu km 40,000, basi gawanya 40,000 kwa sentimita za ikweta ujue sentimita moja ni kilomita ngapi. Kwa tufe lenye kipenyo cha sm 30, sentimita moja ni karibu km 425, na uzi wa London na Tokyo utakuwa kama sm 22.5. Zidisha: inakaribia km 9,600.

### Kwa kikokotoo

Andika namba za kila kiwanja. Kusini mwa ikweta latitudo huwa hasi. Magharibi mwa Greenwich longitudo huwa hasi.

- Heathrow: latitudo 51.47, longitudo −0.45
- Haneda: latitudo 35.55, longitudo 139.78

Kwanza tofauti ya longitudo: 139.78 − (−0.45) = 140.23. Angalia hasi mbili zinavyogeuka kujumlisha. Aliyesahau alama hapa hupata 139.33, na jibu lake litakosea kwa kilomita 33 hivi tu, kwa hiyo hatashtuka. Siku atakapohesabu mji ulio mbali zaidi magharibi, kosa lilelile litamtupa bara jingine.

Sasa hesabu yenyewe:

1. sin(51.47) × sin(35.55) = 0.7823 × 0.5814 = 0.4548
2. cos(51.47) × cos(35.55) × cos(140.23) = 0.6229 × 0.8136 × (−0.7686) = −0.3895
3. Jumlisha: 0.4548 − 0.3895 = 0.0653
4. Bonyeza cos⁻¹ ya 0.0653. Unapata nyuzi 86.26.
5. Zidisha kwa 111.19, ambazo ni kilomita za nyuzi moja ya duara kuu. Unapata karibu km 9,590.

Hiyo 111.19 haikutoka hewani. Nusu kipenyo cha wastani cha dunia ni km 6,371, kwa hiyo mzingo wake ni km 40,030, na ukiugawa kwa 360 unaipata.

Onyo la kwanza. Kikokotoo lazima kiwe kwenye nyuzi, si radiani (kipimo kingine cha pembe). Jaribu sin(30). Ukipata 0.5 uko salama. Ukipata −0.988, kiko kwenye radiani. Kibadilishe kabla ya kuendelea.

Onyo la pili. Usichukue tofauti ya nyuzi za longitudo ukaizidisha na 111 moja kwa moja. Nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta tu. Kwenye latitudo ya London imeshasinyaa hadi kilomita 69 hivi, na kwenye ncha ya dunia ni sifuri. Nimeona hesabu ya mji huu na huu ikifanywa kwa njia hiyo, kama pembetatu iliyochorwa kwenye daftari la hesabu. Kwa mfano wetu ingetoa karibu km 15,700. Zaidi ya kilomita 6,000 za bure!

Umefaulu ikiwa: jibu lako halizidi km 20,000 hivi. Hakuna sehemu mbili duniani zilizo mbali kuliko hapo, kwa sababu ukizidisha hapo unakuwa umeanza kurudi kwa upande wa pili.

## Hatua ya 3: Weka kila kitu katika kizio kimoja

Hii ni fupi. Ukitafuta umbali mtandaoni utakutana na kilomita, maili za nchi kavu na maili za baharini, na marubani hutumia hizo za mwisho. Maili ya nchi kavu ni km 1.609. Maili ya baharini ni km 1.852 kamili.

Kwa hiyo km 9,590 zetu ni maili 5,960 hivi, au maili za baharini 5,180 hivi. Ukiona namba tatu zisizofanana kwa safari moja, kabla ya kumlaumu mtu gawanya moja kwa nyingine. Ukipata 1.6, 1.85 au 1.15, wote walisema kweli.

## Hatua ya 4: Kadiria muda

Ndege kubwa za safari ndefu husafiri kwa kasi ya takriban asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kule juu hewani, penye baridi ya nyuzi −56 hivi za selsiasi, hiyo ni karibu km 900 kwa saa. Lakini haiendi hivyo tangu mlangoni hadi mlangoni. Inasukumwa kutoka kwenye egesho, inajikokota hadi njia ya kurukia, inapanda polepole, inazunguka kidogo kabla ya kutua, kisha inajikokota tena. Wala njia yake angani haifuati duara kuu kama uzi. Hupinda hapa na pale kufuata mapito yaliyopangwa.

Kanuni ninayoitumia, na ambayo haijaniangusha sana, ni hii:

Umbali kwa kilomita ÷ 850, kisha ongeza dakika 45.

Kasi 850 badala ya 900 inameza yale mapindo. Dakika 45 zinameza ardhini, kupanda na kushuka.

Kwa London na Tokyo: 9,590 ÷ 850 = masaa 11.28, yaani masaa 11 na dakika 17. Ongeza 45. Jibu: masaa 12 na dakika 2.

Ijaribu na safari nyingine inayojulikana. Singapore hadi New York ni karibu km 15,340. Kanuni inatoa masaa 18 na dakika 48, na kweli ndege za njia hiyo hupangiwa masaa 18 na zaidi ya nusu. Kwa umbali mfupi, chini ya km 1,500 hivi, usiitegemee, maana huko ndege haipati nafasi ya kufikia mwendo wake.

Kuna muda wa aina mbili hapa. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoachia egesho hadi inaposimama kwenye egesho jingine. Rubani anapotangaza muda wa kuruka, anahesabu ule wa angani tu. Akisema "masaa 11 na nusu" na tiketi inasema 12, hamtafika mapema.

Umefaulu ikiwa: jibu la safari isiyotua popote liko chini ya masaa 19 hivi. Safari ndefu kabisa za abiria zisizotua zinazunguka hapo. Ukipata masaa 24, ama umbali umekosea, ama umehesabu safari ambayo hakuna ndege inayoifanya bila kutua.

## Hatua ya 5: Rekebisha kwa upepo na kwa anga lililofungwa

Sasa linganisha makadirio na tiketi. London hadi Tokyo, tiketi ya mfano wetu ina masaa 13 na dakika 50 (utaona katika hatua inayofuata yalivyopatikana). Sisi tumekadiria 12. Yamekwenda wapi karibu masaa mawili?

### Upepo

Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi huwa na kasi ya km 150 hadi 250 kwa saa, na wakati wa baridi huwa mikali zaidi. Ndege ni kama mtumbwi mtoni: kasi yake ndani ya maji ni ileile, ila mwenye kuteremka na mkondo anaziacha kingo upesi.

Chukua London na New York, km 5,540. Kwa kasi ya 900 na upepo wa nyuma wa wastani wa 100, unasafiri kwa km 1,000 kwa saa: masaa 5 na dakika 32 za mwendo. Upepo uleule ukiupata usoni, unasafiri kwa 800: masaa 6 na dakika 55. Tofauti inakaribia saa nzima na nusu. Kwenye ratiba utaona kwenda mashariki ni kama masaa 7 na kwenda magharibi karibu 8, kwa sababu wapangaji hukwepa upepo wa usoni kadiri wawezavyo.

Februari 2020, wakati wa dhoruba kali juu ya Atlantiki, Boeing 747 moja ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, huku kasi yake juu ya ardhi ikipita km 1,300 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti. Ilikuwa imebebwa.

Basi rekebisha hivi: kwa safari ya mashariki katika latitudo za kati, punguza nusu saa hivi, kwa ya magharibi, ongeza nusu saa. Kwa safari ya kaskazini na kusini, usiguse kitu. Johannesburg na Frankfurt, karibu km 8,700, huchukua muda unaokaribiana kwenda na kurudi, takriban masaa 11.

### Anga lililofungwa

Upepo peke yake hauelezi masaa yale mawili. Kumbuka uzi wetu ulipita Siberia. Tangu 2022, mashirika ya Uingereza na Umoja wa Ulaya hayawezi kuruka juu ya Urusi, na ya Japani nayo huikwepa. Kwa hiyo kutoka London hushuka kusini, kupitia Kaukasi na Asia ya Kati. Kutoka Tokyo kurudi Ulaya, nyingine huamua kwenda *mashariki*, kupitia Alaska na Greenland, ili upepo uzisukume badala ya kuzikabili. Helsinki na Tokyo, safari iliyokuwa na masaa 9 na nusu hivi, imefika takriban 13.

Huwezi kuyajua haya kwa kikokotoo. Lakini kikokotoo ndicho kinachokuonyesha kwamba kuna kitu: ukiona tiketi imezidi makadirio kwa zaidi ya saa moja na safari haina kituo, njia imepindishwa mahali. Zidisha muda uliozidi kwa 850 upate kilomita za mzunguko. Kwetu, saa moja na dakika 48 ni karibu km 1,500.

Sababu ya pili ya kupinda, hasa kusini mwa dunia, ni kwamba ndege ya injini mbili hupangiwa njia isiyoiacha mbali mno na kiwanja cha kutua kwa dharura.

Onyo. Miji miwili ileile yaweza kuwa na muda tofauti kwa mashirika tofauti. Mashirika ya China bado hupita juu ya Urusi. Usinakili muda wa shirika moja ukamwambia msafiri wa shirika jingine.

## Hatua ya 6: Geuza saa zote ziwe UTC

Hii ndiyo hatua iliyoleta kile kitendawili cha roketi, basi tuichukue taratibu.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Ya kuondoka ni ya unakotoka. Ya kufika ni ya unakokwenda. Kuzitoa moja kwa moja ni kama kutoa kilo kwenye lita.

1. Andika tofauti ya kila mji na UTC. London mwezi Januari ni +0. Tokyo ni +9 mwaka mzima.
2. Saa ya kuondoka: toa tofauti ya mji wa kuondoka. Jumatatu 11:30 − 0 = Jumatatu 11:30 UTC.
3. Saa ya kufika: toa tofauti ya mji wa kufika. Jumanne 10:20 − 9 = Jumanne 01:20 UTC.
4. Sasa toa. Kutoka Jumatatu 11:30 hadi Jumanne 01:20 ni masaa 13 na dakika 50.

Kurudi: Jumatano 09:45 za Tokyo ni Jumatano 00:45 UTC. Jumatano 15:05 za London ni 15:05 UTC. Tofauti: masaa 14 na dakika 20. Roketi imekwisha habari yake.

Mji wenye tofauti hasi, mfano New York yenye −5 Januari, kutoa hasi ni kujumlisha: 18:00 za New York ni 23:00 UTC. Andika siku ya juma pembeni mwa kila saa, kila mara. Wengi hupata saa sahihi na siku ya uongo.

Onyo: saa za majira ya joto. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu za Machi, na moja ya vuli, ambapo London na New York zinatofautiana kwa masaa 4 badala ya 5 yaliyozoeleka. Tafuta tofauti ya tarehe yako, si ya leo.

Onyo: usikisie kwa longitudo. Kugawa longitudo kwa 15 ni hesabu nzuri ya darasani, ila mipaka ya saa huchorwa na serikali. China nzima ni +8. India ni +5:30. Nepali ni +5:45.

### Njia ya mkato isiyohitaji UTC

Hii naipenda kuliko zote. Kama una tiketi ya kwenda na kurudi kwa njia moja, bila kutua, fanya lile "kosa" mara mbili kisha ujumlishe.

Kwenda: masaa 22:50. Kurudi: masaa 5:20. Jumla: 28:10. Gawanya kwa mbili: 14:05. Huo ndio wastani wa kweli wa muda wa safari. Hakiki: 13:50 na 14:20, wastani wake ni 14:05.

Inafanya kazi kwa sababu tofauti ya saa kati ya miji iliongezwa wakati wa kwenda na ikapunguzwa wakati wa kurudi, zikafutana. Huharibika tu kama saa za majira zimebadilika katikati ya safari zako mbili.

Umefaulu ikiwa: muda wa kwenda na wa kurudi unatofautiana kwa masaa mawili hivi au pungufu. Ukitofautiana kwa masaa manane, umesahau mji mmoja.

## Hatua ya 7: Sasa tu, geuza iwe saa ya Kiswahili

Fanya hesabu zote kwa namba za tiketi, 00:00 hadi 23:59. Ukishamaliza ndipo utafsiri. Anayetafsiri katikati hupotea, kwa kuwa Kiswahili huanza kuhesabu upya jua linapochomoza na linapozama.

Kanuni: toa 6. Ikizidi 12, toa 12 tena. Ikiwa sifuri au hasi, ongeza 12.

- 08:00: saa mbili asubuhi
- 13:00: saa saba mchana
- 20:15: saa mbili na robo usiku
- 02:00: saa nane usiku, si saa mbili
- 00:30: saa sita na nusu usiku

Hiyo ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote. Kwetu Jumanne saa sita na nusu usiku ni usiku wa Jumanne, baada ya mchana wa Jumanne. Kwenye tiketi, Jumanne 00:30 ni nusu saa tu baada ya Jumatatu kwisha. Unatakiwa uwe kiwanjani Jumatatu jioni. Mimi nilikwenda Jumanne saa tatu na nusu usiku, begi limefungwa vizuri, nimeaga watu wote. Ndege ilikuwa imeondoka masaa 21 kabla. Tangu hapo nikiona tiketi inayoanza na 00, naandika pembeni kwa kalamu nyekundu jina la siku iliyotangulia.

Tiketi ikitumia AM na PM, 12:30 AM ni 00:30 hiyohiyo. Alama ya +1 mbele ya saa ya kufika ina maana unafika siku inayofuata. +2, keshokutwa yake.

## Hatua ya 8: Kama kuna kuunganisha ndege

Hapa kanuni inabadilika kidogo tu. Umbali ni jumla ya vipande, si duara kuu la mwanzo na mwisho. London hadi Dubai ni karibu km 5,500. Dubai hadi Tokyo karibu km 7,900. Jumla km 13,400, ukilinganisha na 9,590 za moja kwa moja.

Kila kipande kina dakika 45 zake. 13,400 ÷ 850 ni masaa 15 na dakika 46. Ongeza saa moja na nusu: masaa 17 na dakika 16, kabla hujaongeza muda wa kungoja.

Kwa muda wote wa safari usijumlishe vipande. Chukua kuondoka kwa kwanza na kufika kwa mwisho, vyote katika UTC, utoe. Kungoja kumeshaingia humo.

Onyo. "Moja kwa moja" haimaanishi "bila kutua". Safari yaweza kubaki na namba moja na bado ikashuka njiani, kama QF1 ya Sydney kwenda London inayotua Singapore. Tafuta palipoandikwa idadi ya vituo, usome sifuri.

## Jaribu mwenyewe: palipo na mstari wa tarehe

Auckland na Los Angeles, mwezi Januari. Katikati yake, kwenye Pasifiki, kuna mstari wa tarehe, mahali ambapo kalenda huruka siku nzima. Auckland ni +13, Los Angeles ni −8. Latitudo na longitudo za Auckland ni −37.01 na 174.79; za Los Angeles ni 33.94 na −118.41.

Kwenda: unaondoka Auckland Ijumaa 20:00, muda wa safari masaa 12 na dakika 10. Kurudi wiki inayofuata: unaondoka Los Angeles Ijumaa 22:00, masaa 13 na dakika 10. Tafuta umbali, na saa na siku ya kufika kila upande. Funika majibu kwanza.

Majibu. Umbali ni karibu km 10,490. Tofauti ya longitudo, 293.2, usiihofie; cos itaishughulikia yenyewe.

Kwenda: Ijumaa 20:00 − 13 = Ijumaa 07:00 UTC. Ongeza 12:10 uwe na 19:10 UTC. Toa 8: unafika Ijumaa 11:10, saa tano na dakika kumi asubuhi, masaa 8 na dakika 50 *kabla* hujaondoka kwa mujibu wa kalenda.

Kurudi: Ijumaa 22:00 + 8 = Jumamosi 06:00 UTC. Ongeza 13:10 uwe na 19:10 UTC. Ongeza 13: unafika Jumapili 08:10. Jumamosi yako iliishia njiani.

Na ile njia ya mkato? Kwenda ilikuwa −8:50, kurudi 34:10. Jumla 25:20, nusu yake 12:40, wastani kamili wa 12:10 na 13:10.